Barua Zote za Masudi Chembera

Naapa kwa jicho langu la kulia, maana la kushoto lina mtoto wa jicho na si haki kuliapisha: haya nitakayoyasema ni kweli tupu, toka neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Sijaongeza chumvi hata punje. Chumvi daktari amenikataza.

Mara ya kwanza niliyasimulia pale kwa Bi Sikudhani, muuza kahawa wa mkabala na mashine ya kusaga, ambako sisi wastaafu hukaa kila alasiri kuisaidia nchi kwa mawazo. Pale pana sheria moja. Atakayeshikwa na uongo anaosha vikombe vya baraza zima, na si kuvisuuza. Anavisugua kwa majivu mpaka Bi Sikudhani aridhike, na Bi Sikudhani si mtu wa kuridhika. Mimi vidole vyangu vina baridi yabisi. Mnaona wenyewe kwamba nisingethubutu kudanganya.

Basi iko nchi. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Ni mbali mno. Utavuka mipaka, utapanda milima, utashuka, na ukifika utadhani hujaondoka nyumbani.

Zamani kila wizara ya nchi hiyo ilikuwa na anwani yake ya barua pepe, na kila anwani ilikuwa na namna yake ya kutojibu. Wananchi wakalalamika kwamba hawajui ni nani hasa hajawajibu. Waziri wa Sauti Moja, Mheshimiwa Fukutu, akalichukua jambo hilo kwa uzito mkubwa. Akaitisha mkutano uwanjani, akasimama huku ameshikiwa mwavuli na mtu ambaye naye alikuwa ameshikiwa mwavuli.

"Ndugu wananchi," akasema, "Serikali ni mwili mmoja. Na mwili una mdomo mmoja. Nani kati yenu amewahi kumwona mtu anakula kwa mdomo huu, anapiga miayo kwa mdomo ule?"

Wananchi wakakiri kwamba hawajawahi.

"Basi kuanzia leo Serikali yote itatumia anwani moja."

Ikawa hivyo. Idara ya Maji, Idara ya Ardhi, Magereza, Makaburi, Bendi ya Taifa na Bodi ya Mbuzi wa Maonyesho, wote wakaingia kwenye akaunti moja, kwa kompyuta moja, iliyowekwa ukumbi wa mapokezi wa Jumba Kuu. Neno la siri liliandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta juu ya kompyuta hiyo, ili pasiwe na mtumishi wa kuonewa. Watumishi walipanga foleni na vigoda vyao, mmoja anaandika hati ya kubomoa, aliye nyuma yake anasubiri kuandika salamu za sikukuu.

Na pembeni ya kompyuta hiyo, nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu chini la kupitishia fomu, alikaa Masudi Chembera.

*

Masudi alikuwa mtu wa mapokezi, mwembamba, mwenye sauti ya kuombea maji. Alikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa imeshaandikwa kwenye faili lake: ukimuuliza swali, anajibu.

Sasa nikueleze desturi ya watu wa nchi ile, maana mambo yote yametokea hapo. Hakuna mtu kule anayesevu ofisi kwenye simu yake. Ofisi ni ukuta, na ukuta utaupigia uuambie nini? Watu husevu mtu. Ukifungua simu ya raia yeyote utamkuta Ayubu Bomba, Mama Zai Mkaa, Dokta wa Meno Mpole, na Dokta wa Meno Yule Mwingine.

Anwani mpya ilipotangazwa, wananchi walikwenda dirishani na simu zao mikononi.

"Mzee, tuandikie hiyo anwani ya Serikali."

Masudi akawaandikia, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole kimoja.

"Na jina nisevu nani?"

Akatazama huku na huku. Waziri alikuwa safarini, mkurugenzi alikuwa mkutanoni. Aliyekuwepo ni yeye. "Sevu tu Masudi Chembera," akasema.

Hilo ndilo lote alilolitenda. Waliopewa wakawarushia ndugu zao, ndugu wakawarushia majirani, majirani wakawarushia wakwe. Kabla msimu wa embe haujaisha, simu zote za nchi ile, ikiwemo ya Mheshimiwa Fukutu, maana makarani wake nao ni watu na wana majirani, zilikuwa na anwani ya Serikali chini ya jina la Masudi Chembera. Na simu, kama mnavyoijua, haijali barua imetoka kwa mkubwa gani. Inakuonyesha jina ulilolisevu wewe.

Lakini hilo la mwisho wakati ule hakuna aliyelifahamu. Masudi mwenyewe simu yake ya tochi haikuwa na barua pepe. Akipelekewa barua, aliitazama kwenye simu ya mtu mwingine.

*

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yake. Alikuja ameshika simu kwa vidole viwili, kama ameshika panya aliyekufa.

"Masudi, nimekukosea nini?"

"Kwani kuna nini, jirani?"

"Unanibomolea choo."

"Mimi?"

"Jina lako hili hapa. 'Unaamriwa kuondoa choo chako kilichoingia kwenye hifadhi ya barabara.' Na nyundo yangu unayo wewe toka wiki iliyopita. Ndiyo utakayobomolea?"

Masudi akamrudishia nyundo. Jirani akaondoka nayo akiwa hajashawishika.

Siku iliyofuata mjane mmoja alifika akilia. Asubuhi Masudi alikuwa amempa pole ya msiba kwa maneno mazuri mno, na mchana Masudi yuleyule akamtaka alipie kibali cha kaburi. Nyuma ya mjane alikuwapo bwana mmoja na jogoo mwekundu, amekuja kushukuru, kwa sababu Masudi alimwandikia kwamba maji yatatoka na kweli yalitoka, ingawa yalitoka barabarani.

Haya yote angeyavumilia. Lililomchoma moyo ni la binti yake.

Masudi alikuwa na binti mmoja, Zamda, aliyekuwa nyumbani kwao, mji wa mbali, amechumbiwa na kijana Twaha, mtengeneza magodoro. Nikaha ilipangwa Ijumaa ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Baba yake Twaha alikuwa mtu wa heshima na mnunuzi wa vitu vya mnadani. Siku moja simu yake ikalia, akavaa miwani, akasoma:

"Masudi Chembera. Tunatangaza kuuzwa kwa mali chakavu. Inauzwa ilivyo na mahali ilipo. Mnunuzi aje aikague, aiondoe kwa gharama zake. Ikishachukuliwa hairudishwi."

Mzee yule akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akawaita kaka zake. "Huyu," akawauliza, "ni mkwe au ni dalali?"

Zamda akampigia baba yake simu. "Baba, huku pamechafuka. Wanasema umenitangaza mnadani."

"Mwanangu, si mimi, ni Idara ya Stoo."

"Najua si wewe. Lakini wao hawajui. Njoo, baba. Wakikuona uso tu watajua. Na kwani nani ataniozesha kama si wewe?"

"Nastaafu mwezi huu," Masudi akasema. "Nikishapata barua yangu sipitii hata sokoni. Nakuja moja kwa moja."

*

Barua ya kustaafu ikaandikwa. Aliiandika Mkurugenzi wa Mifumo na Nidhamu, Daktari Nyambizi, mtu aliyesoma nje mpaka akasahau ndani. Kwa kuwa Masudi hana simu ya kuipokelea, ilitumwa kwenye anwani ya Serikali kwa ajili yake, na nakala ikaenda kwenye simu ya Daktari mwenyewe. Daktari akaitazama nakala, uso ukabadilika.

"Bwana Chembera, hii barua imetoka kwa nani?"

"Kwako, Daktari."

"Soma jina la mtumaji."

"Masudi Chembera."

"Na inamstaafisha nani?"

"Masudi Chembera."

"Umejistaafisha."

"Daktari, umeiandika wewe. Nimekuona. Ulikaa pale, ukaniomba nikushikie chai. Kikombe hiki hapa."

"Usinitie kwenye mambo yako na nafsi yako," Daktari akasema, akachukua chai.

Kanuni za nchi ile ziko wazi: mtumishi wa umma hawezi kujistaafisha, kujipandisha cheo wala kujiongezea posho, isipokuwa awe waziri. Masudi akaandikiwa barua ya onyo. Ilipofika, ilikuwa inatoka kwa Masudi, kwa hiyo akaandikiwa onyo la pili kwa kujionya bila mamlaka.

"Basi nipeni ruhusa tu," Masudi akaomba. "Nikamwozeshe mwanangu, nirudi mnifunge."

"Ruhusa hutolewa kwa barua," Daktari akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua ni moto. "Barua itatoka kwa nani?"

"Kwangu," Masudi akasema.

"Umeona? Mpaka jina litengemae, hakuna karatasi inayoweza kukutoa humu. Na kwa kuwa tatizo lina jina lako, wewe sasa ni kielelezo cha uchunguzi. Kielelezo hakitoki eneo la tukio."

Wakamfunga kibandiko kwenye kifungo cha shati, kimeandikwa KIELELEZO. Akalala kwenye benchi ya wageni. Mlinzi aliagizwa asimruhusu kupita mlangoni bila barua. Na kwa kuwa kanuni za kutunza vielelezo zinataka visishike vumbi, mfagizi alikuja kila Jumatatu kumpangusa kwa kitambaa, kuanzia kichwani.

Pale barazani nilisita kidogo hapa, nikitazamia mtu apinge. Fundi Rajabu, mshona suti wetu, mtu mbishi tangu kuzaliwa, akapuliza kahawa yake.

"Mbona umesimama?" akasema. "Endelea."

*

Tume ya Kurekebisha Jina la Mtumaji ikaundwa, mwenyekiti akiwa Daktari Nyambizi. Kikao cha kwanza kilijadili chakula cha kikao cha pili. Kikao cha pili kikaamua kwamba hatua ya kitaalamu inayokubalika duniani kote ni kuzima na kuwasha.

Wakazima kompyuta, wakaiwasha. Masudi. Wakazima jengo, wakaliwasha. Masudi. Mheshimiwa Fukutu akasema woga ndio unaorudisha nyuma maendeleo, akaagiza izimwe nchi nzima. Ikatangazwa Siku ya Kuzima na Kuwasha, pakawa na gwaride. Kuzima kulifanikiwa mara moja. Kuwasha kulichukua muda, na mikoa mingine mpaka leo iko katika hatua ya kuzima.

"Hiyo ya umeme ipo," Fundi Rajabu akasema. Na Bi Sikudhani akatikisa kichwa kukubali huku akimimina.

Kisha Tume ikaamua kutuma barua ya majaribio kwa raia wote. Daktari aliitunga mwenyewe: "HILI NI JARIBIO. USICHUKUE HATUA YOYOTE."

Watu wa nchi ile ni watiifu, hasa wakiandikiwa na mtu wanayemjua. Ikitoka kwa Masudi, aliyewaandikia anwani kwa kidole chake, basi ana sababu zake. Wakaacha kuchukua hatua. Waliokuwa wanavuka barabara wakakaa chini. Kinyozi akaachia kichwa nusu. Mwanzoni Serikali haikugundua, kwa sababu maofisini hapakuwa na tofauti yoyote, mpaka mkuu wa Bendi ya Taifa alipolalamika kwamba wapiga tarumbeta wamevuta pumzi na hawapulizi.

Kule kwa Zamda, shangazi zake waliokuwa wanampaka hina waliisoma barua, wakafunika bakuli.

"Baba," Zamda akasema kwenye simu, "nina hina mguu mmoja. Shangazi wanasema umewakataza kuendelea."

"Waambie waendelee."

"Nimewaambia. Wanasema mpaka uandike."

Masudi akaitazama ile kompyuta, umbali wa hatua chache, foleni ya vigoda imeizunguka. "Nikiandika," akasema, "watajuaje safari hii ni mimi?"

Ijumaa ilikuwa inakuja.

*

Hatua iliyofuata ilikuwa kuingia kwenye mipangilio ya akaunti na kuandika jina jipya la mtumaji. Hili lingechukua dakika moja, kwa hiyo Tume ikahamia hoteli ya pwani. Mheshimiwa Fukutu alitaka liwe jina lake na vyeo vyake, lakini nafasi ilitosha "Mheshimiwa Profesa Mhandisi Balozi" tu, jina lenyewe likabaki nje. Wengine wakataka "Serikali Sikivu." Bodi ya Mbuzi ikataka itajwe walau kwa ufupi. Mwishowe wakarudi kwenye kompyuta, wakaandika "SERIKALI", wakapigiana makofi, wakatumiana barua, wakafungua simu zao.

Masudi Chembera.

Hapo hofu ikaingia. Daktari Nyambizi akatamka kwa sauti ya chini kwamba kuna Masudi wawili, mmoja dirishani na mmoja ndani ya mfumo, na huyu wa ndani ndiye mkubwa. Wakambadilisha mlinzi wakamweka mwenye bunduki. Mkuu wa Nchi akabadilisha baraza la mawaziri kwa barua pepe siku hiyohiyo, na mambo yakazidi kuwa matamu: waliofukuzwa walisema barua ni ya mtu wa mapokezi na haina nguvu, walioteuliwa walisema ni ya Serikali na ina nguvu zote. Kila kiti kikawa na mawaziri wawili, mmoja amekaa, mwingine amekaa juu yake.

Ufumbuzi uliletwa na Mheshimiwa Fukutu mwenyewe, kwa njia ya kudondosha simu yake chooni. Akanunuliwa mpya, tupu, haina jina hata moja. Barua ya kwanza ikaingia, akasoma: SERIKALI.

"Nimelitatua," akatangaza.

Daktari akaitazama simu ile mpya, akaitazama yake ya zamani, na kwa mara ya kwanza toka arudi masomoni akafikiri. Kumbe kwenye akaunti hamna kosa. Masudi yumo ndani ya simu za watu. Kila raia alimsevu mwenyewe, na kila raia lazima amfute mwenyewe.

Wakaandika barua kwa taifa: "MNAAGIZWA KUMFUTA MASUDI CHEMBERA MARA MOJA."

Ikatoka. Na kwenye kila simu ikafika imetoka kwa Masudi Chembera.

Watu walishikwa na huzuni. Mtu mwema kama yule anaomba afutwe? Wakamiminika Jumba Kuu na uji, na mashuka, na sheikh, na mchungaji. "Masudi, usikate tamaa, ndugu yetu," wakamwambia kupitia tundu la dirisha. "Hatukufuti. Serikalini humu ni wewe peke yako tunayekujua."

Hakuna aliyefuta. Na Zamda akapiga simu, analia, akauliza ni nani huko anayetaka baba yake afutwe.

*

Alhamisi, kesho yake ni nikaha, Masudi akapelekwa mbele ya Mheshimiwa Fukutu, na kibandiko chake kifuani.

"Mheshimiwa," akasema, "sasa mmejua si kosa langu. Kesho namwozesha mwanangu. Basi la jioni lipo. Niacheni niende."

Mheshimiwa alikuwa anasoma barua za wananchi. Alizisoma kwa raha, miguu juu ya meza.

"Masudi," akasema, "unajua kitu? Zamani maji yakikatika, natukanwa mimi. Barabara ikiliwa na mvua, mimi. Hata mama yangu waliwahi kumtaja. Sasa nisikilize." Akasoma: "'Masudi, umetuangusha.' 'Masudi, zahanati haina dawa.' 'Masudi, ulikula wapi pesa ya daraja.'" Akaikunja karatasi taratibu. "Mimi hawanitaji kabisa. Toka nizaliwe kisiasa sijawahi kulala usingizi kama huu."

"Mheshimiwa, ni binti yangu wa pekee."

"Na wewe ni Masudi wetu wa pekee. Ukistaafu, ukafa, ukahamia kwa mkweo, wataanza kuuliza aliye nyuma yako ni nani."

"Kwa hiyo nakaa mpaka lini?"

"Andika ombi," Mheshimiwa akasema. "Litume kwenye anwani ya Serikali. Litajibiwa na mhusika."

Sasa mwisho wake ndio huu. Masudi alisimama pale, machozi yakamtoka. Na Mheshimiwa Fukutu alipoyaona, moyo wake ukalainika. Akashusha miguu mezani, akasimama, akamvua kile kibandiko kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Bwana Chembera, Serikali imekosea. Tunakuomba radhi." Akampa gari lake, Masudi akafika nyumbani alfajiri, akamwozesha mwanawe, na mpaka leo yuko kwao analima mihogo.

*

Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, nikasikia hata makaa yanavyotatarika. Bi Sikudhani akaweka birika chini.

"Rudia hapo," akasema.

"Wapi?"

"Hapo waziri aliposema."

"Serikali imekosea, tunakuomba radhi."

Wakatazamana. Fundi Rajabu akacheka puani. "Mzee Tindwa," akaniambia, "umekuja vizuri sana, toka mwanzo. Hapo umetudanganya."

"Nimewadanganya nini? Nimesema watu walikaa katikati ya barabara, hukuniambia kitu. Nimesema mtu alipanguswa vumbi kama kabati, ukasema endelea. Nchi nzima imezimwa!"

"Hayo yanawezekana."

"Mawaziri wawili kiti kimoja?"

"Yanawezekana. Lakini waziri kuomba radhi, tena kwa mtu wa mapokezi, na hakuna kamera?" Akawageukia wenzake. "Nani amewahi kusikia?"

Hakuna aliyewahi. Nikaapa tena kwa jicho la kulia. Wakaniambia niliapishe na la kushoto. Bi Sikudhani akanisogezea beseni, na sahani ya majivu, na vikombe vyote, hata ambavyo havikuwa vimenywewa siku ile.

Nikakunja mikono ya kanzu, nikaanza kusugua.

"Sasa tuambie ya kweli," Bi Sikudhani akasema, kwa sauti ya chini kidogo. "Yule binti aliozwa na nani?"

Nikasugua kikombe kimoja mpaka kikang'aa ndipo nikajibu.

Masudi hakutoka. Alirudishwa dirishani. Usiku ule alimpigia Zamda, akamwambia, "Mwanangu, mimi siwezi kuja." Na Zamda akasema, "Basi tutakuja sisi." Wakapanda basi wote, yeye na mguu wake mmoja wenye hina, na shangazi, na Twaha, na yule baba yake mwenye miwani, aliyekuja akiwa amenuna.

Mlinzi hakuwazuia, maana wananchi wanaruhusiwa kupanga foleni. Wakapanga. Baba yake Twaha alipofika mbele akachungulia kioo, akamwona mtu mwembamba, kibandiko kifuani, kofia ya harusi kichwani, ameikopa kwa mpiga ngoma wa Bendi ya Taifa. Akamtazama sana. Kisha akavua miwani. "Mkwe," akasema, "nisamehe. Nilidhani ni wewe unayeandika."

Sheikh akasimama kando. Twaha akaingiza mkono kwenye lile tundu la chini la kupitishia fomu, mpaka kwenye kiwiko, na Masudi akaushika kwa ndani. "Nimekuoza binti yangu Zamda," akasema. Sauti yake ile ya kuombea maji ilisikika ukumbi mzima, watu wa vigoda waliacha kuandika. Twaha akasema amekubali. Shangazi wakataka kupiga vigelegele, mlinzi akawaonyesha bango la kukataza kelele, wakapiga kwa ndani. Zamda akaweka kiganja kwenye kioo. Baba yake akaweka chake upande wa pili.

Nyuma yao foleni ilikuwa imeshafika barabarani, kwa kuwa watu wa nchi ile wakiona foleni huunga. Mama mmoja akauliza kama hapo ndipo pa maji. Harusi ikabidi isogee. Na mkono wa Twaha ulipotoka kwenye tundu, mkono mwingine ukaingia, wa mtu asiyemjua, umeshika simu mpya.

"Mzee, niandikie hiyo anwani ya Serikali. Na jina nisevu nani?"

Nikaacha kusugua.

"Masudi akaitazama ile simu," nikasema. "Akamtazama mwanawe anavyosukumwa kuelekea mlangoni. Kisha akainama kwenye tundu, akasema kwa sauti ya wazi kabisa: 'Sevu Fukutu.'"

Fundi Rajabu alipiga goti lake kwa furaha, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Akanitazama. Wote wakanitazama, na niliona wanavyotaka niwe nimesema kweli.

"Mzee Tindwa," Bi Sikudhani akasema.

"Naam."

"Alimwambia asevu nani?"

Nikatia vidole kwenye majivu. "Alimwambia asevu Masudi Chembera," nikajibu. "Alishazoea."

Bi Sikudhani akamimina kahawa iliyobaki kwenye kikombe nilichokwisha kukiosha, tone la mwisho, akanisogezea na birika.

Nikaliosha.